Raifo ya .375 iliyotumika: ikague hivi kabla ya kutoa hela

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni msaidizi wa mwindaji bingwa hapa Tanzania, na nataka kununua raifo yangu ya kwanza ya .375 H&H Magnum, risasi ya wanyama wakubwa. Nimepata mbili, zote zimetumika. Moja ni BRNO ZKK 602 ya zamani; rangi ya chuma imechubuka na mbao ina mikwaruzo. Nyingine ni CZ 550 Magnum, inang'aa, mwenyewe anasema imepiga risasi chache tu, na ina darubini juu. Bei ya hii ya pili iko juu kidogo. Nichukue ipi, na nikienda kuziona niangalie nini?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Kwanza kabisa, mng'ao usikuamulie. Rangi ikichubuka pale mkono unaposhikia, chini ya magazini na kwenye mdomo wa mtutu, maana yake bunduki imebebwa porini, basi. Kuna raifo zilizozeeka kwenye gari bila kupigwa sana, na kuna zinazong'aa kwa sababu zimepakwa rangi upya kuficha kutu. Kwa bunduki ya kusimama nayo mbele ya mbogo, mambo matatu ndiyo yanayoamua: ilishe risasi kila mara bila kusita, mbao yake ihimili teke, na ganda linalotoka chemba (pale risasi inapokaa ikipigwa) liwe salama. Hayo matatu nitayaeleza kwa kirefu. Mengine nitayapitia haraka.

Hizo mbili ni ukoo mmoja. Zote zimetengenezwa Uherský Brod, mji wa iliyokuwa Czechoslovakia na sasa Jamhuri ya Cheki, na CZ 550 Magnum ndiyo iliyoshika nafasi ya ZKK 602. Mtutu ulioandikwa "Made in Czechoslovakia" ni wa kabla ya nchi ile kugawanyika mwanzoni mwa 1993. Zote zinafuata mfumo wa Mauser wa 1898: ubavuni mwa boliti, chuma unachokisukuma kwa mkono kuingiza risasi na kufunga chemba, kuna kucha ndefu inayolikamata ganda mara tu linapochomoka magazini, na hailiachii mpaka lirushwe nje. Bodi zake (chuma kikuu ambamo boliti hutembea na mtutu hufungwa) ni ndefu, zinaimeza .375 H&H ya urefu kamili wa milimita 91.4 bila shida, na magazini inabeba risasi tano. Kwa hiyo kwa asili umechagua vizuri pande zote mbili. Kilichobaki ni kujua kila moja imetunzwaje.

Anza na makaratasi kabla hujagusa boliti. Omba leseni ya mwenyewe, usome namba ya silaha iliyoandikwa humo, kisha uitafute kwenye bodi, kwenye mtutu na kwenye boliti. Namba iliyopigwa tupa au kugongwa upya haina mjadala: aga uondoke. Boliti yenye namba tofauti si wizi moja kwa moja, lakini inamaanisha boliti hiyo haikupimwa na chemba hiyo kiwandani, na fundi silaha lazima aipime kwa geji (kipimo cha urefu wa chemba) kabla risasi ya kweli haijaingia. Soma pia kilichoandikwa juu ya mtutu kuhusu aina ya risasi. Zipo .375 H&H nyingi zilizochongwa chemba upya ziwe .375 Weatherby au aina nyingine ya Magnum iliyopanuliwa, na si kila fundi aliyefanya hivyo alibadilisha maandishi.

Nenda na vifaa vyako mwenyewe: fimbo ya kusafishia yenye brashi ya shaba ya .375, vitambaa vyeupe, dawa ya kuyeyusha shaba, tochi ndogo, bisibisi zinazokaa sawasawa kwenye skrubu, kalamu ya wino mzito, mizani ya kuning'iniza mzigo, klipu ya karatasi, na risasi bandia tano. Hizo bandia zitengenezwe na fundi kwa ganda halisi na kichwa halisi cha grain 300 (kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi), bila baruti na bila fataki, yaani kiwashio cha kitakoni. Za plastiki nyepesi hazitakuonyesha chochote kuhusu ulishaji. Wakati wote wa ukaguzi, risasi za kweli zisiwepo chumba hicho.

Mtutu usiukague ukiwa mchafu, kwa sababu masizi na shaba hujaza mashimo ya kutu yakaonekana kama chuma laini. Toa boliti, safisha ukitokea upande wa chemba, ndipo umulike. Ingiza kitambaa kinachobana na ukisukume polepole kwa mwendo mmoja. Kikibana sehemu yote kisha kikalegea ghafla mahali pamoja, hapo mtutu umevimba: uliwahi kupigwa ukiwa na tope, tambara au maji ndani. Ukimulika utaona pete ya kivuli mahali hapohapo. Mtutu wa hivyo usiununue kwa bei yoyote. Vitundu vichache vya kutu karibu na mdomo vinavumilika kwenye .375, hasa kwa bunduki iliyokaa pwani. Vitundu ndani ya chemba havivumiliki, kwa sababu shaba ya ganda hupanuka ikaingia humo na ganda likagoma kutoka. Kagua na ukingo wa mdomo wa mtutu: ukiwa umelika upande mmoja, mtu amekuwa akiingiza fimbo ya chuma kutokea mbele. Fundi anaweza kuukata upya, ila gharama hiyo iondoke kwenye bei.

Sasa ulishaji. Hapa usione haya kumchosha muuzaji.

Toa boliti, teleza kitako cha risasi bandia chini ya kucha, kisha itikise kwa upole. Risasi ibaki imeshikwa. Ikidondoka, kucha imelegea au imelika ncha. Sababu ya kawaida ni watu kudumbukiza risasi moja moja kwenye chemba na kuifungia boliti kwa nguvu. Mfumo wa Mauser wa asili haukuundwa kwa hilo. Kucha inatakiwa ilipokee ganda likipanda kutoka chini, na ikilazimishwa kulirukia kutoka nyuma, siku moja ncha inamegeka. Kucha ya kubadilisha inapatikana kwa kuagiza, lakini inahitaji kupigwa tupa na kukalishwa na fundi anayejua.

Kisha jaza magazini risasi zote tano. Sukuma boliti polepole sana mpaka mwisho, toa, rudia mpaka ziishe. Jaza tena, sasa kwa mwendo wa kawaida. Jaza mara ya tatu, sasa kwa nguvu na haraka, kama mbogo amekwisha kugeuka. Mwendo wa polepole hufichua msuguano na kona zinazokwamisha kichwa cha risasi. Mwendo wa nguvu hufichua risasi inayoruka kutoka magazini kabla kucha haijaikamata. Zitazame kwa makini risasi ya kwanza na ya tano. Ya kwanza inabanwa zaidi kwa sababu spring imekandamizwa yote. Ya tano inainuliwa na spring iliyokwisha kulegea, nayo ndiyo inayolala puani au kuinama upande. Rudia zoezi ukiwa umeilaza bunduki kushoto, kisha kulia, mtutu juu, mtutu chini, na mwisho ukiipindua tumbo juu. Mauser iliyo sawa inalisha hata kichwa chini. Kisha sukuma boliti nusu ya safari, uirudishe nyuma: risasi irushwe nje, isibaki imening'inia. Fanya yote haya kwa vichwa vya aina mbili, chenye ncha laini na kigumu cha pua butu, kwa kuwa bunduki nyingi zinameza cha kwanza vizuri na kukisitia cha pili.

Ikisita mara moja, tafuta chanzo kabla ya kuilaumu bunduki. Mara nyingi ni mkono wako: hukuvuta boliti mpaka nyuma kabisa, na boliti za ZKK 602 na CZ 550 Magnum zina safari ndefu kuliko za .30-06, risasi ndogo ya kawaida. Ikisita mara tatu mahali palepale, ni bunduki. Angalia kingo za ndani za bodi zinazoishikilia risasi pande mbili. Zikiwa na alama za jiwe la kunolea au tupa, kuna fundi wa mtaani alijaribu "kulainisha", na chuma kilichoondolewa pale hakirudi. Hilo kwangu ni sababu tosha ya kuiacha raifo ya wanyama hatari, hata mtutu ukiwa safi kama kioo. Mwisho, ukiwa na tano ndani, piga kifuniko cha chini cha magazini kwa kiganja mara kadhaa. Kufuli yake isifunguke. Ikilegea, teke la .375 litamwaga risasi zako miguuni.

Boliti yenyewe haina mengi. Paka wino nyuma ya masikio mawili ya mbele, yaani vinundu vinavyoifunga boliti ndani ya bodi, ifunge na kuifungua mara kumi ukiwa umeivuta kidogo kwa nyuma, kisha utazame. Wino ufutike kwenye masikio yote mawili. Likifutika moja tu, mzigo wote wa mlipuko unabebwa na sikio hilo. Shimo au mfereji uliochimbika ndani ya bodi pale masikio yanapokaa ni dalili ya risasi zilizojazwa baruti kupita kiasi. Pini ya kufyatulia itokeze kati ya milimita 1.4 na 1.6, na ncha yake iwe duara, isiyomegeka.

Sefti na triga. Vuta boliti bila risasi, weka sefti, vuta triga kwa nguvu, achia. Sasa ondoa sefti bila kugusa triga. Pini isianguke. Kisha vuta triga: ianguke. Pini ikianguka wakati unaondoa sefti, bunduki hiyo itamuua mtu, nayo irudi kwa fundi kabla ya mazungumzo mengine. Triga za hizi nyingi husukumwa mbele ili ziwe nyepesi mno. Hali hiyo ijaribu kwa kugonga kitako cha bunduki kwa kiganja: isifyatuke. Kwa nyati hutaihitaji, wala sikushauri uitumie. Kwa uvutaji wa kawaida, funga mizani na uvute. Kilo 1.5 hadi 2 panafaa, chini ya hapo mkono wenye woga unafyatua kabla ya wakati.

Kuna tofauti moja kubwa kati ya hizo mbili ambayo muuzaji anaweza asikwambie. Kwenye ZKK 602 nyingi sefti inafanya kazi kinyume: kuisukuma mbele ni kufunga, kuivuta nyuma ni kufungua. Kwenye CZ 550, kama ilivyo kwenye raifo nyingi ambazo wageni wako watakuja nazo, kusukuma mbele ni kufungua. Wewe kama msaidizi utashika bunduki za watu tofauti, na kidole gumba hujifunza njia moja tu. Mbogo akija, gumba litasukuma mbele bila kukuuliza, na ZKK itakuwa imefungwa. Baadhi zimekwisha kubadilishwa na mafundi, kwa hiyo ijaribu usikie.

Mbao sasa. Raifo ya .375 yenye uzito wa kilo nne na ushee inapiga teke takriban mara mbili ya .30-06. Teke lote linapokelewa na kipande kifupi cha chuma chini ya bodi kinachoegemea ukuta wa mbao. Kikiegemea vizuri kwa upana wake wote, mbao inadumu. Kikiegemea upande mmoja, au kikiacha nafasi, bodi inateleza nyuma kidogo kila unapopiga, na mkia wake unageuka kabari inayopasua mbao. CZ 550 Magnum zinajulikana kwa jambo hili. Nyingi zilitoka kiwandani chuma kikiwa hakikukazwa kwenye mbao kwa gundi ngumu ya epoksi, na zipo zilizopasuka nyuma ya mkia wa bodi au kwenye ukuta mwembamba ulio kati ya magazini na triga. Ndiyo maana nasema hiyo inayong'aa uikague kwa macho manne. Kama kweli imepiga risasi chache, basi hata mbao yake haijajaribiwa bado.

Mwombe mwenyewe ruhusa ufungue skrubu na kutoa chuma kwenye mbao. Akikataa, ujue kuna sababu. Futa ndani kwa kitambaa chenye spiriti: mbao nzima inakauka kwa usawa, ufa unabaki mstari mweusi kwa sekunde kadhaa. Tazama kona za shimo la magazini, ukuta wa nyuma yake, na shingo pale unaposhika. Nyuma ya mkia wa bodi panatakiwa pawe na nafasi ya nusu milimita hadi milimita moja. Chuma kikigusa mbao pale, ufa uko njiani. Bonyeza mbao ya ndani kwa ukucha: ikiwa nyeusi na laini, imelowa mafuta kwa miaka ya kuhifadhiwa mtutu juu, na epoksi haitashika mpaka mafuta hayo yavutwe nje. Wakati wa kurudisha skrubu, weka kidole kati ya mtutu na mbao ya mbele. Ukihisi mtutu unahama unapokaza ya mwisho, chuma kinapindwa na mbao, na shabaha itahama joto likipanda.

Ufa mdogo nyuma ya magazini haumalizi bunduki. Fundi anaufunga, anaweka boliti mbili za kukatiza (vyuma vinavyopita mbao upande hadi upande), anakandika epoksi nyuma ya kipande cha teke, na inakuwa imara kuliko ilivyotoka kiwandani. Ufa unaopita kwenye shingo ni habari nyingine. Hapo hesabu mbao mpya.

Baada ya hapo, ipigwe. Mwenye leseni awepo, iwe kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, na utaratibu wa wewe kuishika uulize kwa polisi wa wilaya mapema. Risasi sita za kiwandani, zote za aina moja, za grain 300, zinatosha. Tatu za mita 100 kwa darubini zikikaa ndani ya sentimita 5, mtutu ni mzima. Zikitawanyika sentimita 10 au zaidi, kaza skrubu za mbao na za darubini kwanza, ndipo uuhukumu mtutu. Kisha toa darubini upige kwa vilengeo vya chuma mita 50, kwa sababu kwenye vichaka darubini ikivunjika hivyo ndivyo utakavyobaki navyo. Kilengeo cha mbele kikicheza kwa kidole, ujue teke limekilegeza.

Okota maganda yote sita, ndiyo yatakayokuambia hali ya chemba. Ganda la .375 H&H lina mkanda juu kidogo ya kitako, na risasi inakaa chemba kwa kuegemea mkanda huo, si bega. Chemba ikiwa ndefu kupita kiasi, shaba inavutwa mbele kila mlipuko na kukonda palepale juu ya mkanda. Nje utaona pete inayong'aa. Nyoosha klipu ya karatasi, kunja ncha yake, iingize ndani ya ganda na uiburute ukutani kuelekea chini. Ikinasa kwenye mfereji juu ya mkanda, kwa ganda la kiwandani lililopigwa mara moja tu, chemba ina nafasi iliyozidi na siku moja ganda litakatika vipande viwili ndani ya bunduki. Usinunue bila geji ya fundi kuthibitisha. Fataki iliyochomoza nje ya kitako inasema jambo hilohilo. Fataki iliyobapa kabisa pamoja na boliti nzito kufunguka ni shinikizo kubwa: kagua kama chemba ina mafuta, na kama risasi zilikuwa zimeachwa kwenye dashibodi juani, maana joto hupandisha shinikizo la baruti. Mwisho linganisha ganda lililopigwa na risasi mpya. Bega la .375 H&H linateremka taratibu; ukiona limeinuka na kuwa kali, chemba ilichongwa upya.

Kuhusu darubini ya hiyo CZ, ihesabu kando. Iwe na nafasi ya jicho isiyopungua sentimita 9, la sivyo itakupasua nyusi, na ukuzaji wake uanzie 1 au 1.5. Vishikio vya CZ vinakaa kwenye reli ya milimita 19 iliyochongwa juu ya bodi, na kishikio kimoja kinatakiwa kiwe na kizuizi kinachoingia kwenye tundu ili darubini isiteleze kwa teke. Alama za msuguano kwenye reli maana yake imekuwa ikiteleza. Darubini isiyokidhi hayo iache kwa mwenyewe na bei ishuke.

Nichukue ipi, umeuliza. Zote zikifaulu ulishaji na maganda, mimi ningechukua CZ 550, kwa sababu ya sefti tu, na hela ya epoksi na boliti za kukatiza ningeitoa kwenye bei yake kabla ya kupeana mkono. Kama sefti ya ZKK imekwisha kugeuzwa na mbao yake haina ufa, basi chukua ZKK bila kujali michubuko: mbao iliyokula teke miaka mingi na haijapasuka imekwisha kufanyiwa jaribio ambalo ile nyingine bado. CZ ikisita kulisha hata mara moja isiyoelezeka, iache. Usiitumainie kurekebishika.

Malipo yaende na kibali. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, silaha haihami mkono kwa makubaliano yenu wawili. Uhamisho unapita polisi. Toa arbuni kwa maandishi yenye namba ya silaha na sharti kwamba inarudishwa ukaguzi au kibali kikishindikana, na kiasi kikubwa kibaki mfukoni mwako mpaka leseni itoke kwa jina lako. Wakati huo raifo ibaki kwa mwenye leseni. Kanuni za uwindaji zinaitaja .375 kama kipimo cha chini kwa wanyama hatari kama nyati, kwa hiyo kwenye leseni hakikisha aina ya risasi imeandikwa kamili, ".375 H&H Magnum". Ukishaipata, kazi ya kwanza ni kuipeleka kwa fundi akandike epoksi, kisha upige shabaha upya kwa risasi zilezile utakazobeba porini, ncha laini na ngumu, kwa sababu aina hizo mbili mara nyingi hazigongi mahali pamoja.